Daktari Afike Kabla ya Koleo

Ndugu zangu wa Bagamoyo, wa Kaole na Mlingotini, wa Zinga, Kerege na Mapinga, nanyi mlio ng'ambo ya mto Wami, Saadani na vijiji vyote vya ufukweni hadi Pangani: nawaandikia habari ya jino. Najua wapo watakaoguna. Watasema nchi ina malaria, ina presha na kisukari, ina akina mama wanaopoteza maisha wakijifungua, na huyu anatuletea habari za jino. Nawaomba hao ndio wasome kwanza. Jino likioza halibaki kuwa jino. Linakuwa usiku usio na usingizi. Linakuwa bamvua lililompita mkulima wa mwani akiwa amelala na kitambaa shavuni. Linakuwa mtoto wa darasa la tatu aliyeinamisha kichwa juu ya dawati huku mwalimu akidhani ni mvivu. Likiachwa zaidi, usaha hushuka chini ya taya, shingo huvimba, ulimi husukumwa juu, koo huziba, na mtu mzima mwenye nguvu zake anakata roho kwa ugonjwa ulioanza na kitundu ambacho hakuna aliyekitazama.

Neno langu ni moja. Ujuzi wa daktari wa meno leo unaweza kusafiri kwa simu hadi kijiji cha mwisho, na mkono wa kutibu unaweza kuwapo hapo hapo kijijini, kwa sababu njia ya kuziba jino bila umeme ilizaliwa katika nchi hii hii yetu. Ujuzi upo. Mkono upo. Hatujaviunganisha. Na kila siku tunayochelewa kuviunganisha, kuna mtu anang'olewa jino ambalo lingepona.

Tazameni njia anayopita mgonjwa wetu. Kwanza anauma karafuu. Kisha anasukutua maji ya chumvi. Kisha anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge vya maumivu, na akisisitiza anapewa na vya kuua vijidudu. Anameza viwili vitatu, maumivu yakipoa vilivyobaki anaviweka juu ya kabati. Jino linanyamaza. Anamshukuru Mungu, anarudi baharini. Lakini jino lililonyamaza halijapona. Mara nyingi ni mshipa wake wa fahamu umekufa, na uozo unaendelea kimyakimya kuelekea kwenye mfupa. Baada ya miezi anaamka shavu limevimba, na sasa hakuna cha kuziba tena. Anatafuta nauli, anatafuta wa kumsindikiza, anapanda gari, anapanga foleni, na mwisho wa safari yote hiyo anakutana na koleo. Ndiyo maana watu wetu wanaiogopa kliniki ya meno: wameijua kama mahali pa kung'olewa tu. Kwa kuwa wanaiogopa wanachelewa, na kwa kuwa wanachelewa wanang'olewa. Mduara huu umekula meno ya wazazi wetu. Tutauacha ule na ya wajukuu?

Simlaumu tabibu wa meno aliyeshika koleo hilo. Mgonjwa amemfikia saa mbaya, na yeye ni mmoja mbele ya umati. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba katika kanda ya Afrika kuna madaktari wa meno kama 3 kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ni karibu 33. Sehemu moja ya kumi! Na ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2022 inasema watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kati ya kila wanne wao watatu wanaishi katika nchi za kipato cha kati, ambako Tanzania nayo imehesabiwa tangu mwaka 2020. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wetu wenyewe wa meno mwaka 1979, na imetoa wataalamu hodari. Lakini mtaalamu naye ni binadamu, anakaa palipo na umeme, maji, vifaa na wagonjwa wanaoweza kulipa. Tembeeni Dar es Salaam, Upanga, Kariakoo na Mikocheni, muone vibao vya kliniki za meno. Kisha pandeni gari pale Makumbusho mje kaskazini, mpite Tegeta, mpite Bunju, mwingie Mapinga. Kila mkisogea vibao vinapungua. Mkivuka Wami kuelekea Saadani wakati wa masika, hata wa kumuuliza daktari wa meno yuko wapi mtamkosa.

Na Bagamoyo si mbali! Ni kilomita kama 70 tu kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1890 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kuunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam, na tangu siku ile habari za pembe, za askari na za ushuru wa Wajerumani zikawa zinavuka maji kwa dakika. Mwaka 2009 waya mkubwa wa intaneti ukatua Dar es Salaam kutoka baharini, na leo kijana aliyekaa barazani Kaole anatazama mpira wa Ulaya kiganjani mwake wakati uleule unapochezwa. Habari za mali zilipata waya wake. Habari za burudani zimepata wake. Habari za jino la mvuvi zitapata lini?

Kazi yenyewe haina uchawi. Mhudumu wa zahanati anamkalisha mgonjwa karibu na dirisha penye mwanga wa jua, anavuta shavu kwa mpini wa kijiko kilichochemshwa, anafuta kioo cha kamera, anapiga picha: meno ya mbele, upande wa kulia, upande wa kushoto, taya la juu, taya la chini. Anaandika maneno machache. Mgonjwa ana umri gani, maumivu yalianza lini, yanazidi kwa maji baridi au yanamwamsha usiku, kuna uvimbe, kuna homa, ana ujauzito, ana kisukari, anatumia dawa gani. Anatuma. Daktari aliye Dar es Salaam, Kibaha au Tanga anafungua akipata nafasi, anatazama, anajibu: hili linazibika hapo hapo, hili lipakwe dawa, huyu asafiri wiki hii, huyu aondoke sasa hivi, msingoje hata kupambazuke. Si lazima wawili hao wawe hewani kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata penye mtandao wa kusuasua picha itapenya usiku mtandao ukitulia. Mgonjwa anayesafiri anajua kwa nini anasafiri. Daktari anayempokea anajua anamngojea nani. Na wale wengi ambao hawakuwa na haja ya kusafiri wanabaki nyumbani na nauli yao mfukoni.

Msidhani haya ni ndoto za vijana wa kompyuta. Jeshi la Marekani lilijaribu kutuma picha za vinywa vya askari kwa wataalamu wa mbali mwaka 1994, enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri. Huko Alaska, ambako vijiji vingi vya wenyeji vinafikiwa kwa ndege ndogo au kwa mashua, wapo matabibu wa meno waliochukuliwa vijijini humo, wakafundishwa, wakarudi kutibu watu wao huku daktari akiwasimamia kutoka mbali. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2014 ili mpango wa serikali wa kuwatibu wenye kipato kidogo ulipie huduma ya meno inayotolewa kwa njia hii. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa mwongozo mzima wa kutumia simu za mkononi kwa afya ya kinywa. Hapa kwetu, mama mjamzito aliyepata dharura hupigiwa namba 115 ya mpango wa m-mama, na gari linatafutwa. Tumekwisha kuikabidhi simu roho ya mama na kichanga chake. Tunaogopa nini kuikabidhi picha ya gego?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roho yangu inapowaka.

Katikati ya miaka ya 1980 walimu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikabiliana na swali la vijiji vyetu: utazibaje jino mahali ambapo hakuna umeme, na mashine ya kutobolea hata ikifika inaharibika na hakuna wa kuitengeneza? Wakaiweka mashine kando. Wakachukua vyombo vidogo vya chuma vya mkono, wakakwangua sehemu ya jino iliyooza na kulainika, ile iliyo ngumu wakaiacha, kisha wakajaza tundu kwa saruji; baadaye ikatumika ile iitwayo glasi ionoma, ambayo hujishika kwenye jino lenyewe na kutoa madini ya floraidi kidogo kidogo. Hakuna mlio wa mashine unaomtetemesha mtoto. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mgonjwa analala juu ya meza ya darasa, na vyombo vyote vinaingia katika mkoba mmoja. Kutoka hapa njia hiyo ilikwenda Thailand, ikaenda Zimbabwe, ikaingia katika vitabu vya kufundishia vya dunia nzima. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa yote.

Jamani! Dunia imejifunza kutoka Tanzania kuziba jino kwa mkono, na Tanzania bado inang'oa!

Nimejiuliza sana kwa nini imekuwa hivyo, na hukumu yangu ni hii. Mkono ulioachwa peke yake kijijini unaogopa. Tabibu wa kituo cha afya aliyefundishwa kukwangua na kuziba anakutana na jino ambalo hajui kama uozo umefika kwenye mshipa. Akiziba na kumbe umefika, mgonjwa atarudi usiku akilia. Hana wa kumuuliza. Basi anachagua njia ambayo haitamletea lawama: anang'oa, au anaandika rufaa ambayo mgonjwa hataifuata kwa kukosa nauli. Picha ndiyo inayouondoa woga huo. Daktari wa mbali akimwambia "ziba, usiogope, mwangalie tena baada ya wiki mbili", mkono ule unapata moyo. Akiziba meno kumi chini ya macho ya mkubwa wake, la kumi na moja ataliamua mwenyewe. Kwa hiyo simu si ya mgonjwa tu. Ni darasa la tabibu wetu, ambaye tulimpeleka porini tukamsahau. Kule Mwanza shirika la Uingereza la Bridge2Aid liliwafundisha matabibu wa vijijini kutuliza maumivu na kung'oa jino kwa usalama, na kazi hiyo imeonyesha kwamba mtumishi wa zahanati anafundishika. Tumfundishe basi na kuokoa.

Vifaa navyo asituambie mtu kwamba ni anasa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vitu hivi: dawa ya meno yenye floraidi, ile saruji ya glasi ionoma, na dawa ya majimaji yenye fedha na floraidi, ambayo ukiipaka juu ya jino lililoanza kuoza inausimamisha uozo. Tone moja kwa brashi ndogo, bila kutoboa, bila sindano. Sehemu iliyooza inageuka nyeusi, na mzazi lazima aambiwe hilo mapema asije akashtuka; lakini jino jeusi lisilouma ni heri mara elfu kuliko pengo. Bohari ya Dawa na halmashauri zetu zivihesabu vitu hivi kama zinavyohesabu dawa za malaria.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita, na nawaomba akina mama walisome polepole. Katika nchi yetu bado wapo wanaoamini kwamba kichanga akiharisha au akishikwa na homa, ameota "meno ya plastiki", wengine huyaita ya nailoni. Kinachoonekana kwenye ufizi, kile kivimbe cheupe, ni chonge la utoto lililo chini, halijatoka. Mtoto anapelekwa kwa mtu, ufizi unachanwa kwa chombo kisichochemshwa, na chonge changa linachimbuliwa kutoka katika mfupa laini. Wapo waliokufa kwa kutoka damu. Wapo waliokufa kwa vijidudu vilivyoingia katika damu. Waliopona wengi wameharibikiwa hata na jino la kudumu lililokuwa likijiumba chini yake. Na lile tumbo la kuharisha lililohitaji maji ya ORS na zinki likabaki bila tiba. Mama huyo hakuwa mkatili. Alikuwa peke yake, mtoto analia, jirani ana jibu na hospitali iko mbali. Wekeni karibu naye mtu mwenye simu na daktari upande wa pili, atakayemwambia kwa upole: mama, hilo ni jino la mwanao, liache, mpe maji, mlete zahanati sasa. Maneno hayo machache yanaokoa roho. Yanataka bando la shilingi ngapi?

Ndugu zangu, kinywa ni amana. Sisi Waislamu tumelelewa na mswaki. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliusisitiza hata akaeleza kwamba kilichomzuia kuufanya amri katika kila swala ni kuuhurumia umma wake. Na katika saa zake za mwisho hapa duniani, alipoingia kaka yake Bibi Aisha akiwa na mswaki mkononi, Bibi Aisha alitambua kwa macho ya mumewe kwamba anauhitaji, akautafuna mpaka ukalainika, akampa. Mwisho wa uhai wake, na bado anasafisha kinywa! Nanyi ndugu zangu Wakristo mnamjua Msamaria aliyemkuta majeruhi kando ya barabara. Hakumwambia ajikokote hadi mjini. Alimwendea pale alipolala, akamfunga majeraha palepale, ndipo akampeleka nyumba ya wageni. Tiba ilimfuata aliyeumia. Hicho ndicho ninachowahubiria, hakuna kingine.

Na mji wetu una deni. Mwingereza Thomas Smee, nahodha aliyefika Unguja mwaka 1811, aliandika jinsi wanunuzi katika soko la watumwa walivyoanza kwa kumfungua mtu kinywa na kukagua meno yake, wajue atafaa kwa bei gani. Wengi waliokaguliwa vile miaka iliyofuata walipitia kwenye mchanga wa Bagamoyo. Kisha Mungu akaubadilisha mji. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakajenga kijiji cha waliokombolewa. Na Sheikh Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya wetu, aliyeletwa pwani akiwa mtoto mtumwa, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Qadiriya ambaye watu wa bara na pwani walimfuata mpaka alipofariki mwaka 1931. Mahali ambapo kinywa cha mwanadamu kilifunguliwa ili auzwe, leo kifunguliwe ili apone. Ninaamini hili kwa moyo wangu wote.

Lakini sitawadanganya kwamba picha inaona kila kitu. Kamera haioni katikati ya meno mawili yaliyobanana. Haioni mzizi wala mfupa; hilo ni la eksirei. Haiwezi kugonga jino kusikia kama linauma. Kwa hiyo daktari wa mbali atakosea iwapo atajifanya yuko karibu, na mhudumu atakosea iwapo ataidharau rufaa aliyopewa. Uvimbe chini ya taya au shingoni, kushindwa kumeza, kushindwa kufungua mdomo, kupumua kwa taabu, homa kali pamoja na jino: hapo hakuna kupiga picha na kungoja jibu, ni hospitali, usiku au mchana. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili nacho kisafiri, hasa kwa mvuta sigara na mtafuna tambuu na tumbaku. Tena picha ya kinywa cha mtu ni siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatulinda, na ole wake mhudumu atakayerusha picha ya mgonjwa kwenye makundi ya WhatsApp watu wacheke. Na wale wanaojitangaza mitandaoni kuwa wanang'arisha meno na kufunga nyaya sebuleni, wasipewe hata dakika. Anayejibu picha zetu awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, jina lake lijulikane, na jibu lake liandikwe katika daftari la zahanati.

Sukari niiseme kwa ufupi, maana mnaijua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku, kama vijiko 12 vya chai, katika vyakula na vinywaji vyote. Ikiwa nusu ya hapo, heri zaidi. Hesabuni chai ya asubuhi, kashata, soda ya mchana, juisi ya kufuturu, ubuyu wa rangi anaofungiwa mtoto. Sasa miwa inalimwa hapa hapa Makurunge na sukari inatengenezwa wilayani kwetu. Ni kazi kwa vijana, na nawaombea baraka. Lakini wilaya inayotengeneza sukari na isiwe na mpango wa meno inawatendea watoto wake dhuluma.

Kwa hiyo nawageukia, kila mmoja kwa nafasi yake.

Madiwani wa Bagamoyo na Chalinze, hatuwaombi jengo. Tunaomba simu moja nzuri kwa kila zahanati, bando la kila mwezi, mkoba wa vyombo vya mkono na saruji, na daktari mmoja wa meno atakayelipwa kwa saa anazokaa kujibu picha. Mnanunua mafuta ya magari ya ukaguzi. Nunueni na hili. Wizara ya Afya, mwaka 2024 mlianzisha mpango wa taifa wa wahudumu wa afya wa jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Wafundisheni kufungua kinywa cha mtoto na kupiga picha kabla hawajakabidhiwa mkoba wao. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi wanaoandika vitita vya huduma waandike humo ushauri wa meno kwa njia ya simu, kwa sababu kazi isiyolipwa hufanywa kwa hisani, na hisani huchoka.

Madaktari wa meno wa Dar es Salaam, kaka zangu na dada zangu, nyinyi mmesomeshwa na nchi hii. Msingoje sera. Chagueni zahanati moja ya kaskazini, muiambie: picha zenu nitazijibu. Jioni moja kwa wiki itatosha kuanza. Mtaona mengi ambayo kliniki ya Mikocheni haiwaletei.

Maimamu na mapadri, walimu wa madrasa na makatekista, mnao watu kila Ijumaa na kila Jumapili. Kwenye maulidi Bagamoyo hujaa wageni. Kwenye hija ya Misheni vilevile. Wekeni meza moja chini ya mwembe, mhudumu mmoja, simu moja. Walimu wa shule, mtoto anayeshika shavu darasani msimchape. Viongozi wa wavuvi na vikundi vya mwani, muwe na namba ya zahanati kama mlivyo na namba ya mnunuzi.

Na asiseme mtu kwamba Bagamoyo ni pwani ya usingizi, mambo mapya hayaanzii huku. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021 kwa watoto wa Afrika, ilijaribiwa na Taasisi ya Afya Ifakara hapa hapa Bagamoyo, na watoto wa vijiji hivi ndio walionyoosha mikono yao. Mama aliyekubali mwanawe achomwe sindano ya majaribio kwa faida ya dunia anastahili kujibiwa picha ya jino.

Nawe unayesoma, usiliache gazeti hili kabla hujafanya jambo moja. Mtoto akifika umri wa kama miaka sita, gego lake la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utoto. Halisukumi jino lolote litoke, kwa hiyo hakuna anayeliona likija, na wazazi wengi wanadhani nalo ni la utoto, litang'oka lenyewe. Halitang'oka. Ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni. Mwite mtoto aliye nyumbani mwako, msimamishe mlangoni penye mwanga, mwambie aseme "aaa", utazame nyuma. Ukiona doa jeusi au kitundu, piga picha sasa hivi, na kesho asubuhi ipeleke zahanati pamoja na mtoto, umuulize mhudumu ataituma kwa daktari gani. Akikujibu kwamba hana wa kumtumia, nenda na jibu hilo kwenye mkutano wa kijiji, ulisome kwa sauti mbele ya diwani.